Muulize Babu wa Maabara: usiache chapati kabla hujatoa damu

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja na neno moja, gluteni, ile protini ya kwenye ngano, mpaka nikamuuliza mjukuu wangu kuna nini huko mitandaoni akacheka tu. Nimechukua nne. Wale wa "Babu nikate tumbo vipi" mnisamehe, mimi ni mtu wa sirinji na darubini, miaka thelathini na kitu nimekaa nyuma ya kidirisha cha maabara, mambo ya kitambi sina utaalamu nayo na cha kwangu mwenyewe kimenishinda.

Shikamoo Babu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nipo Mbagala. Tumbo linanisumbua mwaka wa pili huu, gesi, kuharisha kunakuja kunaondoka, na mara mbili nimeambiwa damu yangu iko chini, nikipewa vidonge vya madini ya chuma inapanda halafu inashuka tena. Mdogo wangu akanirushia video ya dada mmoja anasema ni gluteni, nikaacha chapati, maandazi, mkate, tambi, vyote, miezi mitatu sasa na kweli nimepata nafuu. Juzi nikaenda kupima damu ya huo ugonjwa wa siliaki, ule wa mwili kuikataa gluteni, hela yenyewe sio ndogo, majibu yamekuja negativu. Sasa Babu ina maana sina? Na kama sina mbona nilipoacha ngano nikapata nafuu?
Mama Wawili, Dar

Marahaba mwanangu, pole sana. Jibu fupi ni kwamba hayo majibu hayasemi unao na hayasemi huna, yaani hela imeenda na swali limebaki palepale, na wala sio kosa la maabara, shida ni kwamba ulianza kuacha ngano ndo ukaenda kutoa damu.

Wengi wanadhani tunatafuta gluteni ndani ya damu kama tunavyotafuta vimelea vya malaria. Sivyo. Gluteni ni ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike ukiukanda, ipo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa mtu mwenye siliaki ikifika utumbo mwembamba kuna kimeng'enya chetu wenyewe kinaitwa tishu transglutaminesi, ndo hiyo tTG uliyoiona kwenye karatasi yako, kinaigusa na kuibadilisha kidogo, basi kinga ya mwili ikiiona inapagawa, inatengeneza kingamwili za kuipiga gluteni na, ajabu yake, za kukipiga hicho kimeng'enya pia, kwa hiyo mlinzi anampiga mwenye nyumba. Hizo kingamwili ndo tunazozipima. Huko ndani utumbo umejaa vijinyuzi vidogo kama manyoya ya zulia, ndo vinafyonza chakula, vikishambuliwa muda mrefu vinanyauka zulia linabaki kipara. Na madini ya chuma yanafyonzwa pale mwanzo kabisa wa utumbo mwembamba, kwa hiyo damu inayopanda kwa vidonge na kushuka tena, hiyo peke yake ilitosha daktari afikirie siliaki hata kama usingekuwa na gesi.

Sasa ukiacha ngano kinga inatulia, kingamwili zinapungua wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi. We umeacha miezi mitatu halafu umekuja kupima, ni sawa na kwenda kutafuta moshi kwenye jiko ulilolizima Jumapili iliyopita. Usipouona moshi haimaanishi jiko halijawahi kuwaka.

Cha kufanya, na hili ongea na daktari kwanza usilifanye kwa kunisikiliza mimi tu: kurudi kula ngano kwa makusudi. Vipande viwili vya mkate au chapati moja ya kueleweka kila siku, sio leo unakula kesho unaruka, kwa wiki sita hadi nane, ndo unarudi kutoa damu. Najua inauma, mtu kaacha kitu kaona nafuu halafu unamwambia arudie, wengine wakijaribu wanashindwa siku ya tatu. Ukishindwa kuna mlango mwingine, kipimo cha vinasaba vya HLA, DQ2 na DQ8, hicho hakijali umekula nini jana. Ukikutwa huna hata kimoja, siliaki unaweza kuisahau karibu kabisa. Ukikutwa navyo sasa usianze kulia, Ulaya kwenyewe watu kama watatu au wanne kwa kila kumi wanavyo na wengi wao wanakula mkate mpaka wanazeeka. Kile kipimo ni kizuri kwa kukataa, kwa kukubali hakisaidii.

Kuhusu nafuu. Nafuu ni kweli, sijasema unajidanganya, ila ngano haina gluteni peke yake. Ina sukari fulani zinaitwa fruktani, zipo hata kwenye vitunguu, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua na hapo ndo gesi. Mwaka 2018 watu wa chuo kikuu cha Oslo walitoa majibu ya utafiti wao, waliwachukua watu 59 wasio na siliaki wanaodai gluteni inawasumbua, wakawalisha vitafunwa bila kuwaambia ndani kuna nini, na fruktani ndo iliwasumbua zaidi, sio gluteni. Halafu ukiacha maandazi umeacha na mafuta yale. Na kuna vitu vyetu vya huku huku, kimelea jiardia kwa mfano, naye analeta kuharisha kwa kuja na kuondoka na gesi inayonuka, kipimo chake ni choo tu na ni bei ya soda kadhaa, nashangaa watu wanaruka choo wanakimbilia vipimo vya laki. Anza na choo mwanangu.

Hii ya kuondoa ngano na kuirudisha wala haikuanzia maabara. Kulikuwa na daktari wa watoto Uholanzi, Willem Dicke, alishaanza kuitilia ngano mashaka tangu miaka ya 1930, halafu ikaja ile njaa ya vita majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, mkate hakuna, wale watoto wake wagonjwa wa siliaki hawakuzidiwa, mkate uliporudi na wao wakarudi kuumwa. Akaja kuandika tasnifu yake mwaka 1950. Lakini hapo bado hakuna aliyejua kinga inagombana na nini hasa mpaka 1997, Walburga Dieterich na Detlef Schuppan na wenzao kule Berlin ndo wakaonyesha ni hiyo tTG, na kuanzia hapo ikawezekana kuipima kwa mashine.

Kabla ya hapo, sijui kama mnajua, unachukua kipande chembamba cha umio wa nyani umekibandika kwenye kioo, unakidondoshea maji ya damu ya mgonjwa, unaongeza rangi inayong'aa, unaingia gizani na darubini kutafuta kama kuna wavu wa kijani. Kipimo hicho kinaitwa EMA. Baadaye wengine wakahamia kamba ya kitovu ya watoto wachanga, nyani wakapumzika kidogo. EMA bado ipo na ikisema ndiyo ni ngumu kuibishia, tatizo inasomwa kwa jicho, na jicho la saa kumi jioni sio la saa mbili asubuhi.

Assalaam aleykum Babu. Mie nipo Maskati, kwetu asili Unguja. Mwanangu wa kwanza ana miaka 9, ana kisukari cha aina ya kwanza, daktari wake akampima siliaki na hana dalili yoyote, tTG ikarudi zaidi ya mara kumi ya kiwango. Wanasema watachukua damu nyingine na ikikubali huenda asitiwe kamera. Nina wasiwasi, mtoto tumbo haliumi hata siku moja. Na mdogo wake wa miaka 4 mzima tu, nimpime? Na Ramadhani hiyo inakuja, harisi ya ngano haikosi nyumbani.
Bimkubwa wa Maskati

Waaleykum salaam bibie. Daktari wako yuko sawa kabisa. Kisukari cha aina ya kwanza na siliaki vinashea vinasaba, ndo maana watoto wa kisukari hupimwa hata kama wanacheza mpira, na siliaki ya kimya ipo, utumbo unaliwa na mtoto hasemi kitu, unakuja kushtuka harefuki.

Habari ya kamera: zamani kila mtu alitiwa kamera mdomoni mpaka kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, akachukuliwa vinyama, tena sio kimoja, vinne vitano kutoka sehemu tofauti kwa sababu uharibifu huwa wa mabaka mabaka, ukikata pasipohusika unaambiwa mzima. Kwa watoto mambo yalibadilika, chama cha madaktari wa matumbo ya watoto wa Ulaya kilitoa mwongozo 2012 kikaufanyia marekebisho 2020: tTG-IgA, yaani ile kingamwili ya tTG ya aina ya IgA, ikifika mara kumi ya kiwango cha juu au zaidi, na EMA ikawa positivu kwenye damu iliyochukuliwa siku nyingine, basi wazazi na daktari wakikubaliana kamera inaachwa. Hiyo damu ya pili sio ubabaishaji, ni kujihakikishia chupa haikubadilishana na ya mtoto wa mtu mwingine, mambo hayo yanatokea bibie, watu wanachoka. Chini ya mara kumi kamera inabaki, na hasa kwa watoto wa kisukari kwa vile tTG zao wakati mwingine zinapanda kidogo halafu zinashuka zenyewe bila mtu kuacha chochote.

Kwa hiyo mpaka damu ya pili itoke, harisi aendelee nayo! Nimeona mama wengi wakisikia tu neno wanasafisha jikoni usiku huohuo. Subiri. Majibu yakithibitika ndo harisi inaondoka, bokoboko nayo ndo ileile ngano, mkate wa ufuta pia, sambusa, visheti. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele, hivyo anakula ilimradi hamkuchanganya unga mwingine, wali ndo usiseme.

Mdogo wake mpime. Ndugu wa damu wa mgonjwa uwezekano wake ni kama mmoja kwa kumi, ukilinganisha na kama mmoja kwa mia kwa watu wengine duniani. Apimwe tTG-IgA pamoja na IgA ya jumla, hiyo ya pili nitaieleza chini kwa kijana wa Eldoret. Akiwa negativu sasa haimaanishi milele, arudiwe baada ya miaka, au afanyiwe vinasaba mara moja, asipokuwa navyo mmepumzika.

Na shoga zako wakikwambia huu ni ugonjwa wa Wazungu, waambie kiwango kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa kimetoka Afrika, watoto wa Kisaharawi wa Sahara Magharibi waliopo kambini Algeria, walipopimwa miaka ya tisini ikaonekana asilimia 5.6 wanao. Na kambini chakula chenyewe kikubwa ni unga wa ngano wa msaada. Kwetu huku kusini mwa Sahara ripoti ni chache, lakini na wanaopima ni wachache vilevile, sasa hapo we jumlisha mwenyewe.

Niaje Babu. Niko Eldoret, kwetu ni wakulima wa ngano kwa hivyo hapa chapati ni kama maji. Nimeendesha tumbo miezi saba na nimepungua kilo tisa. Lab ya kwanza tTG-IgA ilikuja 3, wakasema niko sawa. Nikalipa pesa mob kwa kipimo cha vyakula mia mbili, wakanitumia PDF, ngano nyekundu, mayai nyekundu, maziwa, ndizi, hadi maharagwe. Sasa sina chakula cha kukula. Nifuate majibu gani?
Kijana wa Shamba

Poa kijana. Hiyo PDF itupe. Sikutanii. Vile vipimo vya vyakula mia mbili huwa vinapima IgG ya chakula, IgG ni aina nyingine ya kingamwili, na IgG ya chakula kinachoonyesha ni kwamba ulishakula hicho chakula, sasa kwamba ulishakula ndizi ulikuwa unajua bila kulipa. Vyama vya madaktari wa aleji vimeshasema visitumike kutafutia ugonjwa, na bado vinauzwa kama njugu, mi nikiviona napandwa na presha. Rudi ule mayai yako.

Tuje kwenye ile 3. Kwanza namba yenyewe usiilinganishe na ya mtu mwingine, kila kampuni ina dawa zake za kupimia na mstari wake, lab moja kiwango mwisho 4, nyingine 10, nyingine 20, kwa hiyo 3 ya huku na 12 ya kule zinaweza kuwa kitu kimoja. Angalia mstari wa karatasi yako tu. La pili ndo kubwa, walikupimia IgA ya jumla? Maana tTG-IgA ni kingamwili ya aina ya IgA, na kuna watu wamezaliwa mwili hautengenezi IgA, kama mmoja kwa mia tano hivi, wanaishi tu vizuri hawajui, na kwa wenye siliaki ni wengi zaidi, wawili watatu kwa kila mia. Mtu kama huyo ukimpima tTG-IgA utapata sifuri hata kama utumbo umekwisha, unamuuliza swali mtu asiye na mdomo.

Nilipokuwa kazini aliletwa dada mmoja kapimwa mara tatu sehemu tofauti, zote safi, kakonda mpaka pete zinamvuka, na kwenye fomu zote tatu hakuna aliyetia tiki ile IgA ya jumla kwa sababu inaongeza bei. Mashine yetu ikashindwa hata kuisoma, ilikuwa chini ya kiwango cha chini kabisa. Akapimwa kwa njia ya IgG, positivu, akatiwa kamera, zulia kipara. Miaka minne imepotea kwa tiki moja. Kwa hiyo kadai IgA ya jumla, ikiwa iko chini waombe tTG-IgG au DGP-IgG, hii ya pili inatafuta kingamwili za kuipiga gluteni iliyobadilishwa. Sampuli pengine itatumwa nje ya nchi, usishangae kusubiri.

Lakini kijana, kilo tisa. Hapo hatukai kubishana na namba. Nenda kwa daktari wa matumbo wiki hii, upimwe choo, HIV, kifua kikuu maana kinaingia hadi tumboni, na tezi ya shingo, na kama ana wasiwasi wa siliaki anaweza kukutia kamera hata kama damu inasema hapana. Chapati endelea nazo mpaka hapo, unaona yale niliyowaambia wengine.

Na kabla sijasahau, kuna watu watatu wameuliza kuhusu vile vipimo vya kujitoboa kidole nyumbani. Vipo, vinapima hiyohiyo tTG, ila vingi havikupi namba ni mstari tu, na vikisema ndiyo bado utaenda hospitali, kwa hiyo mi naona nenda huko moja kwa moja.

Jambo Papa. Mimi ni mama wa Bukavu, sasa tunaishi Toronto. Siliaki walinipata nayo mwaka uliopita, tTG ilikuwa "zaidi ya 250", leo iko 38 na mwisho wao ni 15. Niko nakula bugari ya muhogo, muchele, makemba (ndizi za kupika), samaki, mkate siguse. Dokta anasema niangalie vizuri, labda kuna kitu. Je ni hostia? Mimi niko Mkatoliki na kila siku niko misani.
Mama wa Toronto

Jambo mama. Mi naona umefanya kazi nzuri. "Zaidi ya 250" sio namba, ni mashine imefika dari ikaacha kuhesabu, inawezekana ulikuwa 300 au 1000, kwa hiyo kushuka mpaka 38 ndani ya mwaka ni safari ndefu. Aliyeanzia juu hivyo anaweza kuchukua miaka miwili na zaidi kuingia chini ya mstari. Ningekuwa na wasiwasi ingekuwa imeshuka halafu ikapanda.

Ila daktari wako hajakosea, kila siku misani sio mara moja moja. Hostia, ule mkate wa komunyo, ya kawaida ni ngano tupu, ndogo lakini kila siku. Vatikano ilishaandika 2003 ikarudia 2017, hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, lakini ya gluteni kidogo sana inakubaliwa, au upokee divai peke yake, na hapo muombe padri kikombe ambacho hakijadondoshewa kipande cha hostia. Wengi wanaona aibu kumwambia padri. Mwambie, hutakuwa wa kwanza kwake hapo Toronto.

Vingine vya kukagua: vinywaji vyenye malti, hiyo ni shayiri. Oti, ambazo wengine kwa Kiswahili tunaziita shayiri na kuchanganya watu, zenyewe sio ngano lakini zinavunwa na kusagwa pamoja nayo, kwa hiyo kama sio pakiti iliyoandikwa haina gluteni ziache, na ile alama yenyewe maana yake ni chini ya sehemu 20 kwa milioni. Sosi ya soya. Unga wa uji wa watoto uliochanganywa nafaka saba. Mafuta yaliyokaanga maandazi ya watoto halafu makemba yako yakafuata humohumo, na mwiko wa mbao mmoja kwa sufuria zote, hapo ndo wamama wengi tunawakuta.

Na hata siku ikifika 15 au chini, jua tu damu ikitulia utumbo unaweza kuwa bado unajenga zulia lake taratibu, kwa hiyo usiseme nimepona ngoja nionje andazi. Rudia damu baada ya miezi sita, lab hiyohiyo, usihame.